Kodi ya Miezi Mitatu: Ni Deni, Msamaha au Sulhu?

Tangu Machi hadi mwisho wa Juni 2020, swali nililoulizwa sana barazani na kwenye simu lilikuwa la kodi. Ugonjwa watu walishauzoea, barakoa walizizoea, hata kuswali nyumbani walianza kukuzoea ingawa kwa uchungu. Lakini kodi ya Aprili, ya Mei na ya Juni ilikaa baina ya mpangaji na mwenye nyumba kama mwiba. Nawajua watu wawili waliokuwa wakifuturu pamoja kila Ramadhani. Mwaka huo hawakuamkiana siku ya Idi.

Na kila upande una dalili zake. Mpangaji anasambaza kwenye WhatsApp ile aya ya Suratul Baqara inayoamuru mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Mwenye nyumba naye anajibu kwa aya ya mwanzo ya Suratul Maida, inayotutaka tutimize mikataba. Mmoja anasema korona ni kudra ya Mwenyezi Mungu, basi na kodi iende nayo. Mwingine anasema akdi ni akdi, mbingu ianguke au isianguke. Wote wawili wamesoma nusu.

Mimi si sheikh wala wakili. Diploma yangu ni ya biashara, na dini yangu ni ya chuoni na darsa za baada ya Magharibi. Ninayoyaandika hapa nimeyakusanya kwa kuwauliza wenye ilimu na kufungua vitabu walivyonielekeza. Mwenye fatwa ni mufti, mimi ninapanga hoja tu.

Tuanze na yaliyotokea, kwa sababu hukumu inategemea nini hasa kilimzuia mtu. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi. Kafyu ikaanza tarehe 27. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 6 Mei ikaja zamu ya Mji wa Kale pamoja na Eastleigh kule Nairobi: mtaa mzima ukazungushiwa amri, mikahawa na masoko yake yakafungwa, na hali hiyo ikadumu mwezi mzima. Mwanzoni mwa Juni Mji wa Kale, Kilifi na Kwale zilifunguliwa, lakini Mombasa kama kaunti ilibaki imefungwa mpaka Julai. Haya si mambo ya mtu mmoja kuumwa au kufilisika. Ni zuio la jumla, na mtakuja kuona kwa nini neno hilo "jumla" lina uzito.

Jambo la kwanza ambalo watu wanalichanganya ni kati ya deni na ijara. Deni ni kitu kilichokwisha kukaa kwenye dhima yako: umekopa elfu hamsini, umezitumia, ni zako kulipa, uwe na afya au uumwe. Ijara ni mauzo ya manfaa. Mwenye duka hakukuuzia kuta, amekuuzia matumizi ya zile kuta, siku baada ya siku. Ndiyo maana nyumba ikianguka katikati ya mwezi, madhehebu zote zinasema kodi ya siku zilizobaki imeanguka nayo, kwa kuwa kilichouzwa hakipo tena. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kama kodi isamehewe, uliza kwanza: je, manfaa yalipatikana? Kama hayakupatikana, pengine hakuna deni la kusamehewa hapo.

Sasa sisi huku pwani ni Mashafi. Na ukweli usiofichika ni kwamba madhehebu yetu ndiyo yenye msimamo mkali zaidi katika mlango huu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kilichosomwa na wanazuoni wetu kutoka Lamu mpaka Unguja, ameeleza kwamba ijara haivunjiki kwa udhuru wa mpangaji. Mfano wake ni mtu aliyekodi hamamu ya kuogea watu kisha akakosa kuni za kuchemshia maji. Kodi inamlazimu. Hamamu ipo, mlango upo, kuni ni shughuli yake. Mwenye nyumba akishika kitabu hiki tu, ana la kusema.

Na ukienda kwa Mahanafi utakuta mlango mpana kabisa. Wao wanakubali ijara ivunjwe kwa udhuru, na wanatoa mfano wa mtu aliyekodi duka sokoni ili afanye biashara, kisha mtaji wake ukapotea. Kwao huyo anaweza kutoka. Kati ya kambi hizi mbili kuna hadithi mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir, kuhusu mtu aliyemuuzia nduguye matunda yakiwa mtini, kisha yakapatwa na janga. Mtume, rehema na amani zimfikie, alikataza muuzaji kuchukua chochote, na akauliza ni kwa haki gani mtu ale mali ya nduguye. Mahanbali wakaifanya ni wajibu. Mamaliki wakasema ndiyo, lakini janga liwe limekula theluthi au zaidi. Imamu Shafi katika kauli yake ya mwisho, ile ya Misri, akaona hasara ni ya mnunuzi akishakabidhiwa, na kupunguziwa ni jambo la kupendekezwa. Kwa hivyo hata kwetu, mwenye kusamehe amefanya sunna. Hilo masheikh wote niliowauliza hawakutofautiana.

Lakini maneno yaliyonishika zaidi ni ya Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria, katika Al-Mughni. Anatofautisha hofu ya mtu binafsi na hofu ya jumla. Mtu akiogopa adui zake peke yake akashindwa kukaa katika nyumba aliyokodi, kodi ni juu yake. Lakini ikitokea hofu ya watu wote, au mji ukazingirwa hata mtu asiweze kutoka kwenda kwenye shamba alilolikodi, basi mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba, kwa sababu ni jambo la jumla lililomzuia kupata manfaa.

Mji uliozingirwa. Soma tena kisha ufikirie mtu anayekaa Likoni au Kisauni, duka lake la vitambaa au la viungo liko Mji wa Kale. Kuanzia tarehe 6 Mei mpaka vizuizi vilipoondolewa, alikuwa akiliona duka lake kwenye picha tu. Funguo anazo mfukoni, askari yuko kwenye kizuizi. Mzee yule aliandika karne nane zilizopita kama aliyesimama pale Sabasaba akitazama. Kwa maoni yangu, kodi ya mwezi ule kwa mtu yule si ya kuitwa deni. Mwenye nyumba akiidai yote, anadai bei ya kitu ambacho hakukikabidhi, hata kama si yeye aliyekizuia.

Yuko mwingine ambaye hali yake ni tofauti kidogo. Muuza vinyago karibu na Ngome ya Yesu, au wa Diani, au wa Watamu. Hakuna aliyemwambia afunge, duka alilifungua kila asubuhi, ila tangu ndege zisimame hakuona mtalii. Manfaa ya kuta aliyapata, alichokosa ni wateja. Kwa Minhaj huyu ni yule wa hamamu na kuni. Lakini Ibn Taymiyya ana fatwa kuhusu hamamu, nyumba za wageni na masoko: manfaa yake yakipungua kuliko ilivyo ada kwa sababu watu wamekuwa wachache, au kwa hofu au vita, basi kodi hupunguzwa kwa kadiri ya upungufu. Hakusema ifutwe, amesema ipungue.

Na katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Rabita kule Makka lilikaa mwaka 1982 likaliangalia suala hili la hali za ghafla zinazogeuza mkataba ukawa mzigo usiobebeka bila kosa la yeyote. Uamuzi wake ni kwamba kadhi anaweza, pale mwenye kuumia anapoomba, kurekebisha haki na wajibu ili hasara igawiwe pande zote mbili, au kuuvunja mkataba ikiwa hilo ndilo la sawa, huku upande wa pili ukifidiwa kiasi kinachostahiki. Huo ni mwezi ambao wengi wetu tulikuwa bado hatujaingia chuoni, na ulizungumzia korona kabla ya korona.

Nilimuuliza mwalimu wangu mmoja kama Mshafi anaruhusiwa kuegemea rai hizi. Akacheka. Akanikumbusha kuwa hata vitabu vyetu vinasema aliyekodi mtu amng'oe jino bovu, kisha maumivu yakaisha, ijara ile inakwisha, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kung'olewa jino zima. Akasema: basi kizuizi cha kisheria kwetu nacho kinahesabiwa kama kizuizi cha mwili. Je, amri ya serikali ya kulinda nafsi za watu iingie hapo? Akasema hilo ni la masheikh kukaa na kulipima, wala si la mtu mmoja kulimaliza kwa sauti ya WhatsApp. Nimeliweka kama alivyoliweka.

Msidhani upande wote wa haki ni wa mpangaji. Huku kwetu mwenye nyumba si lazima awe tajiri. Kuna wajane Majengo na Kibokoni wanaokula kwa vyumba viwili vya kupangisha, hawana mshahara wala pensheni. Kuna nyumba za wakfu ambazo kodi yake ndiyo inayolipa stima ya msikiti na posho ya imamu. Kuna nyumba za mayatima zilizo mikononi mwa walii. Msimamizi wa wakfu na walii wa yatima hawana ruhusa ya kujifanya wakarimu kwa mali isiyo yao. Wanaweza kuahirisha, wanaweza kusuluhisha palipo na maslahi ya wakfu au ya yatima, lakini kusema "nimekusamehe" si neno lao. Wapangaji wengi hawalifahamu hili, wakadhani wamenyimwa kwa roho mbaya.

Nyumba ya kuishi ina hukumu yake, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu haina utata. Umelala ndani, umepika ndani, watoto wamesoma ndani. Manfaa umeyapata, pengine zaidi ya miaka mingine kwani kafyu ilikufungia humo. Kodi ni deni. Ukiwa huna, aya ya muhula ni yako, na mwenye nyumba hana haki ya kukung'olea mlango au paa, wala kukukatia maji ili utoke mwenyewe. Kukupunguzia ni sadaka yake, na aya ileile inasema ndiyo bora. Lakini muhula ni wa mwenye dhiki. Mtume amesema kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa, hiyo ni dhulma. Mfanyakazi wa serikali ambaye mshahara wake haujakosa hata mwezi mmoja, naye akajificha nyuma ya neno korona asimlipe mjane, huyo hana aya.

Nije kwenye benki. Tarehe 18 Machi Benki Kuu ya Kenya iliruhusu mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri mpaka tarehe 2 Machi ipangwe upya, na wa mikopo ya kibinafsi waweze kuongezewa hadi mwaka mmoja, gharama za kupanga upya zikibebwa na benki. Wengi wa wafanyakazi wa hoteli walikimbilia. Kilichowashangaza baadaye ni kwamba katika mikopo ya kawaida, kusimamisha malipo si kusimamisha riba. Siku zinaongezwa, riba nayo inazidi kuhesabika, na mtu anarudi kukuta salio limenona. Hii ndiyo sura ya zamani kabisa ya riba, ile ya Waarabu wa kijahilia: muda wa kulipa ukifika, mdai humwambia mdaiwa alipe au aongeze. Muhula wa Qur'ani hauuzwi. Ukiuza muhula, hujampa mtu nafasi, umempa kamba ndefu zaidi.

Wale waliochukua kwa murabaha katika benki za Kiislamu wako mahali pengine. Tuktuk iliyouzwa kwa laki tano kwa awamu ni laki tano. Bei ilishafungwa siku ya akdi na haiwezi kuzidi kwa sababu benki imekungoja miezi sita. Ile faini ya kuchelewa, katika mfumo wao, haiingii katika faida ya benki, inapelekwa kwenye sadaka, na msingi wake ni kumtia adabu mwenye uwezo anayechelewesha. Asiyekuwa nacho hakupaswa kuguswa nayo. Kwa hivyo ukipewa karatasi mpya ya kutia sahihi, soma tarakimu moja tu kabla ya zote: jumla ya deni. Kama imezidi ile ya mwanzo, muulize ofisa ni kwa ajili gani, na akikwambia ni ya muda, omba uonane na bodi yao ya sharia. Bodi hizo zipo kwa kazi hiyo. Ila angalia, aina nyingine za mikataba yao, kama ile ya kununua nyumba kwa ushirika na kulipa kodi ya fungu la benki, ina hesabu tofauti, kwani huko kuna ijara halali ndani yake. Usiende kupigana kabla ya kujua umetia sahihi nini.

Suala la Hija nalo lilikuja likiwa moto. Saudia ilitangaza tarehe 22 Juni 2020 kwamba Hija ya mwaka huo ni ya wachache waliomo ndani ya nchi ile tu, na wizara yao ikazungumzia watu wapatao 1,000. Kwa hiyo hakuna Mkenya aliyesafiri kutoka hapa. Wazee waliokuwa wakiweka kidogokidogo tangu zamani waliuliza pesa zao ziko wapi. Jibu la fiqhi, kwa ufahamu wangu, halina kona nyingi. Malipo yale ni ujira wa huduma ambayo haikutolewa, na pesa ambayo wakala hajaitumia ni amana mikononi mwake. Kama kweli alishalipia hoteli Makka au tiketi kwa idhini ya haji, na zile haziregeshwi, aonyeshe risiti. Hasara iliyotokea bila uzembe wake si yake. Lakini "tumezihamisha zote mwaka ujao" bila kumuuliza mwenyewe si hukumu, ni tamko la upande mmoja. Haji akiridhia, sawa. Asiporidhia, arudishiwe. Na akifariki kabla ya mwaka ujao, pesa zile ni za mirathi, baada ya madeni. Na kama alikuwa na uwezo wa kuhiji miaka iliyopita akaichelewesha, basi Hija ya badali nayo inaingia kabla ya warithi kugawana. Familia nyingi hazitaki kulizungumza, lakini kwa umri wa mahaji wetu, ni lazima lizungumzwe.

Arubuni za kumbi za harusi zifuate njia hiyohiyo: harusi haikuzuiwa na bwana harusi, ilizuiwa na amri. Na waalimu wa madrasa, ambao wengi hawana barua ya kazi hata ya mstari mmoja, wasisahauliwe kwa sababu tu ni wapole. Aliyeajiriwa kwa mwezi, hajaachishwa na yuko tayari kusomesha, chuo kikae naye kitako. Kunyamaza si jibu.

Sasa tatizo letu kubwa. Haya yote yamo vitabuni, lakini mtu ayapeleke wapi? Kadhi wetu hawezi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imembakizia hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena wote wawili wakiwa Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Ndoa ya mtu na mkewe atavunja, kodi ya duka lao hana ruhusa kuigusa. Mwenye duka aende kwenye jopo la kodi za biashara, ambalo sheria yake haijui janga la matunda ya Jabir. Sheria ya kawaida nayo ina kanuni ya mkataba uliokwama, lakini mlango wake ni mwembamba na wakili wake ni ghali. Katika Seneti mwaka 2020 kulikuwa na mswada wa kukabiliana na janga uliotaka mpangaji na mwenye nyumba waarifiane na wakubaliane jinsi ya kulipa. Ilikuwa kauli nzuri, ila haikusema nani apunguziwe na kwa kipimo gani.

Njia iliyo wazi ni sulhu. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 159, inahimiza upatanishi na usuluhishi, na Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inampa msuluhishi mliyemchagua kwa maandishi uamuzi unaoweza kutekelezwa na mahakama. Hakuna kinachowazuia mpangaji na mwenye nyumba wa Kuze kuandika ukurasa mmoja, wakamchagua sheikh mmoja na mfanyabiashara mmoja anayejua bei za mtaa, wakaridhia watakaloamua. Kila imamu anaweza kutenga jioni moja kwa wiki kwa kazi hii. Kwa wale wa mwezi wa Mei Mji wa Kale, mimi ningependekeza waanze na kodi ya siku zile kufutwa, au kugawanywa nusu kwa nusu pale mwenye nyumba ni mjane au yatima. Kwa wauza vinyago, waangalie mauzo ya miezi ile dhidi ya mwaka uliotangulia na wapunguze kwa kadiri. Kwa wa nyumba za kuishi, wapange awamu.

Na wale ambao mikataba yao inakwisha, msitie sahihi ileile karatasi ya zamani. Ongezeni mstari unaosema: ikiwa amri ya serikali itamzuia mpangaji kufika au kulifungua duka kwa zaidi ya siku saba, kodi ya siku hizo ni kiasi fulani, na mtakitaja nyinyi wenyewe, mkiwa bado mnacheka pamoja.